Turudie Kidogo

Mwaka wa tisini na mbili, Rupert alimkodi mpiga video wa harusi akampeleka mtaa wa Lizaboni, nyumbani kwa Marcelino, aliyekuwa sajini wake katika vita vya Uganda. Alimchukua pia Mama Lidwina, aliyekuwa ameambiwa kwamba mwanawe Shukuru alikufa maji huko vitani.

"Afande, mwambie mama nani alimuua," Rupert alisema.

Marcelino aliitazama kamera. "Nilimpiga risasi mimi. Alikataa kuua mateka."

Habari ya kamba, iliyomhusu Rupert, hakuigusa. Rupert alishusha pumzi.

"Jogoo amewika katikati, mzee," mpiga video alisema. "Turudie kidogo. Hata pete huwa tunarudia kuvisha."

"Inatosha," Rupert alisema haraka.

"Mwache arudie, mwanangu," Mama Lidwina alisema. "Hata mimi sikushika vizuri."

Safari hii Marcelino hakuharakisha. "Alikataa kuua mateka, nikaamuru afungwe. Rupert akachomoa kamba za buti zake mwenyewe, akamfunga mikono, akaniambia, 'Tayari, afande.' Ndipo nikapiga."

Mama Lidwina alimgeukia Rupert. "Alikuambia nini ulipokuwa ukimfunga?"

"Nisikaze sana."

"Ukalegeza?"

"Sikulegeza, mama."

"Hii sasa imetoka safi," mpiga video alisema.