Simu Imemtaja Dereva

Jiwe la kwanza lilimpata Khadar mdomoni, akatema meno akiwa bado anauliza amekosa nini. Ilikuwa mchana, pale malori yanaposimama Kakuma. Aliyerusha ni Ebei, ndugu wa marehemu mke wangu Akidor, simu mkono mmoja, rungu mkono mwingine.

"Simu imemtaja!" Ebei akapiga kelele. "Nimeuliza nani aliua Akidor barabara ya Lodwar. Jibu liko hapa juu kabisa: dereva Khadar!"

Uongo. Akidor alipigwa risasi na majambazi. Khadar ndiye alimkuta kando ya lami, akampakia, akakimbiza lori mpaka hospitali ya Lodwar, damu ya mke wangu ikimwagikia miguuni. Gazeti likaandika jina lake karibu na la marehemu. Basi. Zamani simu ilikupa habari za watu wengi, unafungua hii, unafungua ile, mnabishana. Siku hizi inasoma yenyewe, inakoroga, inakutemea jibu moja. Na watu wanalimeza, maana polisi hawajawahi kutuletea jibu lolote. Wakubwa walituwekea mnara wa simu kwenye barabara hiyo. Gari la doria, hapana.

"Shemeji, mwache! Huyu ndiye alikuletea dada yako ukamzika!" nikamwambia Ebei.

"Mzee umenyweshwa chai ya maziwa ya ngamia, ukalewa," mtu akanicheka, kisha akamgeukia Khadar. "Waria, Msomali wewe, toa ulimi tuukague uongo!"

Rungu likashuka kwenye goti la Khadar, nikasikia mfupa ukilia. Wakamburuta kwa shati. Mtu akaja na petroli kwa chupa ya soda. Kuna askari wawili walisimama kivulini na bunduki zao. Mmoja alikuwa anachukua video.

Kwetu, mwaguzi akirusha viatu vyake vya akala chini kumtafuta mkosaji, vikamlalia mtu vibaya, mwenye msiba ana haki ya kusema: rusha tena, mpaka mara tatu. Hakuna anayeuawa kwa mrusho mmoja. Nikajitupa juu ya Khadar. Petroli ikaniingia machoni.

"Mimi ndiye mwenye msiba! Rusha tena, Ebei! Iulize tena!"

Haki hiyo hata yeye hangeweza kuninyima mbele ya watu. Wakashusha mawe. Ebei akaisemesha simu, akangoja, akasoma. Akasoma tena kimoyomoyo.

"Imesema nini?" nikamuuliza.

"Mumewe," akasema. "Imesema Akidor aliuawa na mumewe."

Sijui iliokota wapi. Labda imesoma habari za wanawake wengi waliochinjwa na waume zao, ikaniweka kwenye hesabu.

"Shemeji," Ebei akasema polepole. "Kumbe ndiyo maana unamtetea."

Teke likanigeuza chali. Wakamwachia Khadar, wakanijia wote, mawe, fimbo, viatu. Kidole changu kikakanyagwa mpaka kikakatika. Katikati ya miguu yao nilimwona Ayaan, mke wa Khadar, akimvuta mumewe kwa kwapa kuelekea lori lao.

"Sema, mzee! Uliza tena basi!" wakanizomea.

Nilikuwa na haki ya mrusho wa tatu. Lakini wa tatu ungeweza kumrudia Khadar, na alikuwa hajafika mlango wa lori. Nikabana meno. Ebei akainua rungu, taya ikavunjika, nikameza damu yangu kimya mpaka nikasikia Ayaan akiliwasha lori na kuondoka.