Taa ya Njano, Safari ya Muleba

"Mama Koku, huyo shemeji yako akishamaliza kuwapiga wa nje, atamgeukia nani?"

Ng'washi, jirani yake wa Butimba, aliuliza hivyo siku moja akianika dagaa, na Kemilembe akacheka tu, akaingiza maneno mengine. Siku hiyo huyo shemeji, Alexander, alikuwa ametoka kumvunja taya dereva wa bodaboda aliyemkwaruzia gari. Kemilembe alijisemea moyoni kwamba ni hasira za msiba. Amezika kaka, na mwaka haujaisha.

Sasa mwaka ulikuwa umeisha. Misa ya marehemu mumewe ilikuwa kesho yake huko Muleba, na baada ya misa ukoo ungekaa. Kemilembe angeulizwa mbele ya wote kama anakubali Alexander ahamie kwake Butimba, awe baba wa nyumba na wa mabinti wake wawili, ambao walikwisha kutangulia kwa bibi yao. Alikuwa amesali novena nzima, siku tisa, juu ya jambo hilo, na jibu alilotoka nalo lilikuwa ndiyo. Nyumba isiyo na mwanaume watu huirushia mawe juu ya bati, na yeye alichoka kukaa macho akisikiliza.

Kemilembe na Alexander wakaondoka asubuhi, siku moja kabla ya misa, na ile Noah ya marehemu, ambayo Alexander ndiye aliyekuwa akiitunza, msalaba mpya wa kaburi umefungwa kamba juu ya keria. Hawajafika hata Nyegezi, taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka kwenye dashibodi, gari likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Alexander akaupiga usukani ngumi. Akakata kona kuingia gereji ya kwanza aliyoiona, nusura amgonge mama wa maandazi.

Fundi aliyewapokea aliitwa Machibya, mtu mnene, mpole wa maneno. Akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akaisoma.

"Silinda ya pili inamisi, bosi, haichomi sawasawa. Zima, niangalie nyaya."

"Futa hiyo taa twende. Wenzako tuna safari, hatukuja kushinda juani kama ng'ombe wako."

"Kuifuta naweza sasa hivi, na itazima. Ila ugonjwa utabaki palepale. Mkishavuka daraja la Busisi, huko mbele porini nani atawasukuma?"

Alexander akazima, wakashuka. Fundi akafungua boneti, akainama, akapitisha mkono nyuma ya injini. Ukatoka na kipande cha waya. Shaba yake iling'aa, kama iliyokatwa leo.

"Umekatika huu."

"Umekatika, au umeukata?"

"Mungu wangu, bosi, si nimeingiza mkono sasa hivi..."

Alexander hakungoja amalize. Aliipiga teke ile fimbo inayoshikilia boneti, akalibamiza boneti kwa mikono miwili juu ya mkono wa fundi. Kemilembe alisikia mifupa. Machibya akapiga yowe. Alexander akainua boneti, akamshika kisogo, akamgonga uso kwenye taa ya mbele, akamgonga tena, hadi kioo kikapasuka na damu ikatiririka juu ya bampa. Mafundi wenzake wakaja mbio. Alexander akaokota spana ya tairi, akaizungusha hewani, wakarudi nyuma.

"Mwizi huyu! Anakata waya ili atuuzie mwingine!"

"Shemeji, kwa ajili ya Yesu, mwache!" Kemilembe alimshika mkono. Kiwiko kikampata kifuani, akakaa chini kwenye oili chafu.

Alipoinuka hakumtazama shemeji yake. Aliinua boneti, akalitegemeza kwa fimbo yake, akaitazama injini. Ndivyo alivyo tangu utoto. Kelele zikizidi, yeye hutazama. Aliwasha tochi ya simu. Pale waya ulipotoka palikuwa na fungu la jani la mgomba, limekauka na kutobolewa. Vipande vya senene, wale panzi wa kukaanga, vimetapakaa, na mavi ya panya juu yake. Mpira wa petroli nao ulikuwa umetafunwa, una alama za meno madogo. Tone likaning'inia, likaanguka, jingine likafuata.

Fungu hilo alilijua. Wiki iliyopita, Alexander alipofika na gari kutoka Muleba, alijisifu mezani: senene wakishakaangwa unawafunga kwenye jani, unawaweka juu ya injini, na mpaka unafika Mwanza bado wanalia mdomoni kama wametoka jikoni. Mafungu mawili waliyala. La tatu alisema limeanguka njiani.

"Shemeji, fungu lako la tatu hili hapa," Kemilembe alisema. "Panya wamelifuata, wakala na nyaya. Huyu hajakata kitu."

Machibya alikuwa amepiga magoti, mkono uliovunjika umelala mapajani. Akatema jino na damu, akasema taratibu, "Msiwashe, mama. Petroli inadondokea panapochemka. Mtaungua."

Kemilembe alingoja. Pole moja tu ingetosha. Hata ingesemwa kwa kununa, angeichukua akaenda nayo Muleba, akasema ndiyo yake.

Alexander alichungulia. Akalichomoa lile fungu, akalitupa chini, akacheka. "Kwa hiyo? Funga waya na tepu, tunaondoka."

"Amevunjika mkono, shemeji."

"Si anao mwingine! Ingia kwenye gari."

"Na petroli?"

Akamgeukia, spana juu, damu ya Machibya ikiteleza kwenye chuma kuelekea kiganjani mwake. "Nani amekupa ruhusa ya kunisemesha mbele za watu? Kaka alikudekeza. Ngoja kesho ukoo unikabidhi, nitakufundisha kufunga hilo domo."

Kemilembe akamkumbuka Ng'washi na dagaa zake. Akafanya ishara ya msalaba. Akafungua khanga ya kiunoni, akaufunga mkono wa Machibya, akaingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo, akausokomeza kifuani.

"Iteni bajaji," aliwaambia mafundi, ambao sasa walikuwa wameshika mawe. "Huyu anakwenda hospitali, na mimi naenda naye."

"Na misa?" Alexander alibweka. "Ukoo nitauambia nini? We mwanamke! Ukoo nitauambia nini?"

Spana ilikuwa bado juu. Kemilembe akampa Machibya bega, akapita naye chini ya spana ile bila kuharakisha, akatoka getini pasipo kuongeza neno.