Mwenyeji Hakwami

Fundi friji alikuwa kiguu na njia hata ndani ya chumba chake mwenyewe. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa amesimama, na waliomfahamu hawakuona la kubisha. Alikaa, akanyanyuka. Alishika bisibisi, akaiweka. Alikwenda kutega sikio kwenye kompresa ya friji ya mteja, akarudi mezani bila kukumbuka alichosikia. Jumapili ile mchana alikuwa ameizunguka karakana yake, chumba cha uani kilichojaa friji zisizo na milango na milango isiyo na friji, mpaka mama yake aliyekuwa akianika nguo nje akamwuliza kama kuna kitu kimepotea.

Alijibu kwamba hakuna. Uongo mtupu. Intaneti ilikuwa imepotea. Wachimbaji wa mtaro wa maji machafu walikuwa wamepita mbele ya nyumba na kukata waya wa mtaa mzima, na walipoulizwa walisema wao kazi yao ni mtaro, habari za waya waulizwe wenye waya. Wenye waya nao walisema watakuja, na ukishaambiwa hivyo na wenye waya, tafuta kazi nyingine ya kufanya.

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa usumbufu tu. Kwa Fundi ilikuwa kunyang'anywa kiti. Maana kila Jumapili mchana watu wanne waliosoma darasa moja walikutana kwenye mchezo mmoja wa kompyuta. Kazi ya mchezo ni kuvusha lori la mizigo kwenye nchi yenye majambazi, wachezaji wakililinda huku na huku na kuongea kwa maikrofoni. Mtu akipigwa risasi huanguka, na mwenzake ana muda mfupi wa kumfikia na kumwinua kabla hajakata roho. Ili wacheze, lazima mmoja aufungue mchezo kwenye mashine yake na wengine waingie kwake kama wageni. Huyo ndiye mwenyeji, na tangu walipoanza mwenyeji alikuwa Fundi. Intaneti yake ilikuwa na nguvu kuliko za wenzake, hilo ni kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba Fundi hakuwa mtu wa kukaa kwa watu. Hata ukimwalika chakula, ataishia jikoni kwako anakagua friji.

Na uenyeji una raha zake. Mchezo uko kwenye mashine ya mwenyeji, kwa hiyo yeye hangoji kitu: akibonyeza, limetendeka. Mgeni akibonyeza, amri yake husafiri kwanza mpaka kwa mwenyeji, ipokelewe, ndipo irudi. Amri za Kinyozi, aliyechezea saluni kwake katikati ya mji, zilifika upesi. Za Mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye subira ndefu na ulimi mkali, zilifika kwa wastani. Taabu ilikuwa kwa Muuguzi. Yeye alifanya kazi na kuishi kwenye zahanati iliyoko barabara inakoishia, mahali ambapo mtandao hupatikana dirishani tu, tena siku ukipenda. Amri zake zilikuja zikichechemea. Na huyo Muuguzi ndiye aliyemwoa mdogo wake Fundi, wa tumbo moja.

Fundi alilijua jambo hili la kuchelewa. Aliweza hata kukueleza, akichora kwa kidole kwenye vumbi la friji. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na Fundi hakuwahi kukwama hata siku moja.

Mwezi mmoja nyuma ndipo likatokea lililotokea. Walikuwa wamebakiza daraja moja tu wavushe lori walilolisindikiza kwa Jumapili nyingi. Fundi, kwa kutotulia kwake, alitangulia peke yake, akapigwa, akaanguka. Muuguzi alikuwa jirani kabisa. Na pale pale, mbele ya macho ya Fundi, Muuguzi akasimama. Hakusogea, hakuinama. Alisimama kama nguzo ya umeme mpaka Fundi akakata roho na lori likatekwa.

Muuguzi alijitetea kwamba alikuwa anakuja. Kwake yeye alikuwa akikimbia kwa nguvu zake zote, ila kila akikaribia anarudishwa nyuma. Fundi akacheka kicheko kibaya. Akasema yeye ndiye mwenyeji, kwake hakukwami kitu, alichokiona ndicho kilichokuwa. Hapo angenyamaza, yangekwisha. Lakini ulimi hauna mfupa, na wa Fundi ulikuwa na haraka kuliko miguu yake.

"Kama ndivyo unavyomsimamia mtu anayekufa," alisema, "nawahurumia wagonjwa wako."

Mwalimu alimkemea, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Baada ya kitambo jina la Muuguzi likatoweka kwenye kioo cha kompyuta, na Jumapili zilizofuata hakuingia tena.

Kesho yake mdogo wake Fundi akapiga simu. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha kaka mtu. Alisema wiki ile ile mumewe alikuwa amempoteza mgonjwa. Gari la kumpeleka hospitali kubwa lilikwama njiani, na yule mgonjwa akamfia mikononi. Tangu hapo mumewe alikuwa hali vizuri wala hasemi, na Jumapili ile ndiyo mara ya kwanza alipomsikia akicheka, mpaka kaka yake alipokikata kicheko chenyewe.

"Wewe ni damu yangu, Kaka, sikukatai," alisema. "Ila likizo hii hatuji. Siwezi kumleta mume wangu akae meza moja na neno lile."

Sasa likizo ilikuwa imekaribia, na mama yao alikuwa bado hajamshika mjukuu wake, mtoto wa Muuguzi, hata mara moja. Kila asubuhi aliuliza wanakuja lini, na kila asubuhi Fundi akaisingizia barabara. Neno lile kuhusu wagonjwa lilimwuma kwelikweli. Alikuwa akilikumbuka akiwa ameinama nyuma ya friji ya mtu, akajikuta anafunga macho. Lakini la kusimama hakulikubali. Alikuwa ameona kwa macho yake. Alitaka aombe radhi kwa nusu yake, na shemeji yake aombe radhi kwa nusu nyingine, na kwa vile kila mmoja alimngoja mwenziwe aanze, hakuna aliyeanza.

Kukatika kwa waya ndiko kulikofungua mlango. Kinyozi alimpigia na kumwambia wazi bila kumung'unya maneno: leo mwenyeji ni yeye, Kinyozi, na Muuguzi amekubali kurudi kwa sababu mwenyeji si Fundi. Aingie kama mgeni, akae kwa adabu. Likiharibika leo, wasahau.

Ndiyo maana alikuwa akizunguka. Roho ilikuwa juu. Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mama yake kumwona mjukuu, na yeye mwenyewe alijijua kwamba hana breki.

Intaneti pekee iliyobaki ilikuwa ya simu, na simu ilishika mtandao pembeni mwa dirisha tu. Akaifunga kwenye nondo kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akavuta waya hadi kwenye kompyuta. Waya wenyewe ulikuwa mfupi. Alipokaa akagundua kwamba akinyanyuka tu, kila kitu kitakatika. Basi akakaa, magoti yakicheza chini ya meza.

Wakaingia mmoja mmoja. Kinyozi alikaribisha watu kwa mbwembwe za mwenyeji mpya. Mwalimu akauliza kama wenyeji wa siku hizi hutoa hata maji. Muuguzi akasalimia wote kwa pamoja, kwa sauti ya mtu aliyekaa karibu na mlango ili atoke haraka. Fundi aliitikia, na salamu yake ikafika wakati wenzake wameshaanza kuongea mengine, ikawakatiza. Akaomba radhi kwa kukatiza, na radhi nayo ikakatiza.

Mchezo ulipoanza, jasho likamtoka. Alibonyeza mbele, mtu wake akatulia, kisha akaruka hatua nyingi kwa pamoja na kujigonga ukutani. Alilenga jambazi, akafyatua, na jambazi ambaye kwenye kioo chake alikuwa mbele yake akawa amefika zamani nyuma yake. Aliambiwa ageuke kushoto wakati kushoto kulishapita. Kila alilofanya lilikuwa limechelewa kabla hajalifanya. Alibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba mtandao huogopa vidole, na Mwalimu akamwuliza anacheza au anakanda unga.

Walilifikisha lori kwenye njia nyembamba ya mlimani. Hapo wakavamiwa. Kinyozi na Mwalimu walikuwa mbele. Nyuma walibaki wale wawili wasiosemezana. Fundi akasikia mlio wa risasi, akamwona shemeji yake akiyumba na kuanguka kando ya gurudumu.

Hakufikiri. Alikimbia. Kwenye kioo chake alikuwa anakimbia, vumbi linatimka, lori linasogea karibu. Alifika, akainama kumwinua, na ghafla akawa amerudi alikotoka. Akakimbia tena. Akafika tena. Akarudishwa tena.

"Fundi, mbona umesimama?" Mwalimu aliuliza. "Mtu amelala karibu yako hapo."

Akajibu kwamba anakuja. Akalirudia, bila kujua kama sauti yake imefika au bado iko njiani na vidole vyake.

Kinyozi alikuwa anacheka. Kwake aliona vizuri, yeye ndiye mwenyeji. "Jamani, tazameni," alisema. "Fundi kasimama anamwangalia shemeji yake akikata roho."

Kisha Kinyozi akasikia alichokisema, akanyamaza. Fundi aliendelea kubonyeza. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Unakimbia mpaka pumzi inakuishia, na wanaokutazama wanaona nguzo. Aibu ilimpanda, na hakuwa na pa kuipeleka.

Ndipo ikasikika sauti ya Muuguzi, imekatikakatika kwa umbali, lakini haina haraka.

"Tulia, Shemeji. Najua unakuja."

Muda ukaisha. Muuguzi akafa kwenye kioo cha kila mtu, kwa wengine mapema, kwa Fundi baadaye kidogo. Lori likatekwa, na hakuna aliyelitaja.

Fundi alivuta maikrofoni karibu na mdomo. Zile hesabu zake za nusu kwa nusu hakuziona tena zilipo.

"Shemeji," alisema, "nisamehe."

Hakuna jibu. Alitaka kunyanyuka, akakumbuka waya. Nje mama yake alikuwa akikung'uta shuka. Fundi akahisi neno lake limekwama mahali fulani kati ya dirisha lile na dirisha lingine la mbali, akaona alisukume kwa lingine.

"Siku ile ulikuwa unakuja, nami nikasema umesimama. Nisamehe, Shemeji."

Bado kimya. Kioo kilikuwa kimeganda, watu wote wanne wamesimama kama picha, hata majambazi. Hakuweza kujua kama kimya kile ni cha mtandao au ni cha mwanamume aliyeumizwa. Mwezi mzima Muuguzi angeweza kuwa amekaa hivi hivi dirishani kwake, akijiuliza hivi hivi.

"Na lile la wagonjwa," alisema, na sauti ikamgoma katikati, akaianza upya. "Lile la wagonjwa sikuwa na haki nalo hata kidogo. Mtu hawezi kumfikia kila anayemkimbilia, sasa nimeliona. Nisamehe."

Basi. Akangoja. Magoti ya Fundi yalikuwa yameacha kucheza bila yeye kutambua, na mama yake aliyechungulia mlangoni kuchukua kapu la vibanio alisita alipomwona mwanawe ametulia tuli kitini, akadhani anaumwa.

Kisha kioo kikashtuka, majambazi wakatawanyika, na sauti ya Muuguzi ikaingia. Nyuma yake alisikika mtoto wake akilalamika na mkewe akipenga kamasi.

"Radhi zako zimefika zote tatu, Shemeji, zimeongozana," alisema. "Moja ingetosha."

Safari hii Fundi hakuharakisha kujibu.

"Mwambie Mama tunakuja," Muuguzi akasema. "Tukichelewa njiani, usituseme."