Dakika Kumi na Moja

Ukumbi wa wasomaji ulikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo wake ulining'inia kwa uzi shingoni mwa Mwalimu. Kila Jumamosi mchana filamu ilioneshwa humo, madirisha yakiwa yamezibwa kwa makaratasi meusi. Ikiisha, Mwalimu aliwasha taa, akafunga mlango kwa ndani, na hatoki mtu mpaka awe amekaa upande. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Kushoto lilikuwa benchi la waliosadiki filamu, kulia benchi la waliokataa. Unachagua benchi, unatoa sababu, basi. Mwalimu aliianzisha kanuni hiyo baada ya watu kuzoea kutoka na ubishi wao hadi barabarani. Siku moja Kinyozi alimwacha mteja kitini amenyolewa nusu kichwa, akakimbia kwenda kumjibu Karani wa posta jambo alilokumbuka ghafla.

Fundi Saa alikuwa mwanachama tangu ukumbi ulipokuwa stoo ya karatasi. Hakuwa mtu wa ubishi. Sababu yake ilikuwa ileile miaka yote: picha zilikuwa safi, au picha hazikuwa safi. Watu walicheka, yeye akakaa zake, mlango ukafunguliwa.

Jumamosi hiyo, alipoambiwa kwamba filamu ni ya vita, alisema mgongo unamuuma, atabaki nyumbani. Mkewe alikuwa mbele ya kioo anafunga vifungo vya gauni lake jema. Akamwambia kwamba aliyeiomba filamu hiyo ni yeye. Alikuwa ametia kikaratasi ndani ya lile kopo la biskuti ambamo wanachama waliandika maombi yao.

"Kaka yangu alikwenda huko," alisema, "na mimi sijui hata kunafananaje. Nimezeeka, nataka nione huko kulivyo. Nitakaa na nani kama si wewe?"

Mgongo ukapona palepale.

Habari hiyo mtaa mzima uliijua. Fundi na kaka wa mkewe waliondoka siku moja, kwa gari moja, na mmoja tu ndiye aliyerudi. Aliyerudi ndiye aliyeleta taarifa. Alisimama mlangoni kwa wazazi wa marehemu na sare yake imempwaya, akasema: alipigwa, akaanguka, kufumba na kufumbua. Hata neno hakusema. Mama wa marehemu aliyanywa maneno hayo kama dawa. Baadaye yalirudiwa msibani, na miaka miwili mbele yakarudiwa arusini, Fundi alipomwoa dada wa yuleyule marehemu. Watoto wao waliyajua kwa moyo. Jambo moja tu liliwashangaza wakwe. Bwana arusi aliomba asiitwe shemeji na mtu yeyote. Niiteni Fundi, alisema. Wakadhani anajivunia ufundi wake, wakacheka, wakamkubalia.

Sasa alikuwa amekaa katikati ya safu, mkewe kulia, Karani kushoto, na feni juu yao inazunguka kwa kulalamika.

Filamu yenyewe haikuwa na mengi. Askari sita walikwama nyuma ya ukuta. Hakukuwa na bendera wala muziki. Mmoja alitumwa nje kutazama, akapigwa risasi ya tumbo, akaanguka uwanjani, akawa anaita. Rafiki yake alikuwa nyuma ya ukuta. Kila mtu ukumbini alimngojea atoke. Hakutoka. Alifunga kamba za viatu vyake, akazifungua, akazifunga tena, na yule wa nje anaita mama, mama, mpaka sauti ikakatika. Kisha likaja lori, likawachukua waliosalia, na filamu ikaishia hapo.

Fundi alikuwa amelowa kijasho hadi kwenye mkanda. Mwalimu akawasha taa, na ufunguo ukalia kwenye kitasa.

Kinyozi hakungoja hata kuitwa. Alikwenda kwa waliokataa, akasimama mbele ya benchi kama mtu anayegombea kura. Aliuliza hivyo ni vita gani visivyo na mshindi, na mtu afunge duka Jumamosi, siku ya vichwa vingi, aje kuoneshwa mwanamume anafunga kamba za viatu. Filamu ni hadithi, alisema, na hadithi ina mtu wa kumfuata. Hii haina mbele wala nyuma.

"Halafu dakika kumi na moja mtu anaita tu," alisema. "Nimezihesabu kwa saa hii, na saa hii kaitengeneza Fundi, haikosei. Dakika kumi na moja, na mwenzake yuko hatua ishirini! Hiyo si filamu, hiyo ni adhabu."

Karani alijibu kutoka benchi la waliosadiki. Alisema ukweli wenyewe uko hapohapo. Vita ni kungoja, na hizo filamu za mashujaa anazozitaka Kinyozi ni matangazo ya sabuni, mtu anatoka kwenye moshi nywele zimechanwa.

"Wewe vita umeviona wapi?" Kinyozi alimuuliza. "Kwenye kaunta ya stempu?"

Watu walicheka, wakaendelea kugawanyika. Wengine walisema mwongozaji ameogopa kusimulia, amewasha kamera akaenda kunywa chai. Wengine walisema wamesadiki kwa sababu hakuna aliyetoa hotuba kabla ya kufa. Kisha mke wa Fundi akainuka, akalinyoosha gauni lake, akavuka ukumbi kwenda kulia.

Alisema yeye si mtu wa filamu, yeye alikuwa mshonaji, lakini jambo moja analijua. "Mtu hamwachi mwenzake anaita hivyo. Labda mtu asiye na kwao. Mimi nimeolewa na askari, naye alikuwa na kaka yangu mpaka mwisho. Kwa hiyo nimekataa."

Benchi la kulia likampigia makofi. Hata Karani alitikisa kichwa kwa heshima.

Mwalimu akahesabu. Tisa huku, tisa kule. Aliyebaki amekaa peke yake katikati ya viti vitupu ni Fundi.

"Basi utuamue wewe, Fundi," Mwalimu alisema kwa upole. "Humu ndani ni wewe tu uliyekuwako vitani."

Fundi alisimama. Alisema picha zilikuwa safi sana. Wakacheka, lakini Mwalimu akainua mkono. Sababu hiyo alisema ameipokea miaka mingi, leo haipokei.

Fundi alitazama mlango. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, na nyuma yake alisikia mtu anapita na baiskeli, anapiga kengele, anakwenda zake. Kwenda kushoto ni kumwambia mkewe mbele za watu kwamba mambo kama yale hutokea. Kwenda kulia ni kumdanganya mara ya pili, naye amekaa palepale, mikono juu ya mapaja, anamngojea mumewe aje kukaa kando yake. Alikuwa amemwachia nafasi.

Kulikuwa na hatua saba hadi kwenye nafasi ile. Alikwenda hatua tatu.

"Haya, sema tu hakuna mtu anayeita dakika kumi na moja, tukale," Kinyozi alimhimiza.

Sasa, Fundi alikuwa na tabia moja ambayo wateja wake wote waliijua. Hakuweza kuacha kipimo kibovu kipite. Mteja akisema saa yangu inachelewa dakika tano, yeye husema nne na nusu. Aliwahi kumsahihisha padri katikati ya ibada ya mazishi juu ya saa aliyofariki mtu. Ulimi wake ulizoea kazi hiyo, na haukumngoja.

"Si kumi na moja," alisema.

"Mnaona!" Kinyozi akageukia benchi lake.

"Ni arobaini na tatu."

Feni ikazunguka. Karani akauliza arobaini na tatu ni za nini. Hapo Fundi bado angeweza kurudi nyuma. Angesema alisimuliwa na watu, angesema alisoma gazetini. Alifungua kinywa aseme hivyo.

"Na haiti mama," alisema.

Mkewe hakuinua sauti. "Anaita nani?"

Fundi akageukia mlango.

"Nakuuliza wewe, mume wangu. Anaita nani?"

"Shemeji," alisema Fundi. "Alikuwa ananiita hivyo kambini, kwa utani. Alisema tukirudi atanipa dada yake."

Fundi akawaeleza, akitazama sakafu, kwamba ukuta ulikuwa wa matofali ya udongo, kimo cha kiuno, na uwanja wa mbele ulikuwa umelimwa. Hazikuwa hatua ishirini, zilikuwa kumi na sita. Kamba za viatu hakufunga. Alikuwa anatazama saa.

"Nilijiambia ikifika robo nitatoka. Ikafika robo. Nikajiambia ikifika nusu. Nusu ikafika, naye bado anaita, shemeji, njoo, niko hapa. Kama vile sijui aliko."

Akageuka, akaenda kushoto, akakaa mwisho wa benchi la waliosadiki.

Mwalimu hakutangaza matokeo. Alivua uzi shingoni, akafungua mlango, akasimama pembeni. Watu walitoka mmojammoja bila kusukumana, kila mtu anatazama mgongo wa aliyemtangulia. Kinyozi aliivua ile saa mkononi, akaitia mfukoni, akapita mbele ya Fundi akiwa ameinama.

Walibaki watatu. Mke wa Fundi alikuwa bado kwenye benchi la kulia, peke yake, mikono juu ya mapaja. Mlango ulikuwa wazi, na mwanga wa mchana ulifika hadi kwenye miguu ya Fundi. Aliinuka. Alifikiri atatembea polepole hadi nyumbani, yeye nyuma, mkewe mbele, na njiani huenda maneno mengine yakapatikana, au yasipatikane, wakazoea.

"Mwalimu," mkewe alisema, "funga tena."

"Mama, tumekwisha maliza."

"Hatujamaliza. Kanuni ni yako mwenyewe. Mtu akishachagua benchi anatoa sababu. Huyu kanieleza dakika, kanieleza hatua, kanieleza matofali." Kwa mara ya kwanza alimtazama mumewe. "Sababu hajatoa."

Mwalimu alimtazama Fundi, akamtazama mama, akautazama ufunguo kiganjani mwake. Kisha akatoka nje yeye mwenyewe, akauvuta mlango. Fundi, ambaye alikuwa tayari amepiga hatua mbili kuelekea kwenye mwanga, aliusikia ufunguo ukizunguka mara moja, ukazunguka mara ya pili. Akarudi benchini, akakaa.