Mfuniko wa Birika

Serikali ilipoambiwa ibane matumizi ili ilipe madeni yake ya nje, mtu angedhani itaanza na magari ya wakubwa. Ikaanza na chai. Katika ofisi moja ya serikali pale Bunda, chai ya saa nne ikafutwa, na Tereza, mama Miriamu, aliyeichemsha tangu ujana wake, akafutwa pamoja nayo. Watu waliita kupunguzwa, kana kwamba ni nywele.

Tereza hakutaka kurudi Guta kwa kaka yake, ambako wifi yake huficha hata chumvi. Akanunua birika kuukuu, akaweka jiko ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi ileile, akachemsha chai ya maziwa na viazi vitamu. Wiki ikiisha bila wateja, basi, ni Guta na wifi.

Wateja hawakuja. Maofisa walimchungulia dirishani wakimeza mate. Nani akakae kwenye benchi la barabarani na wachunga ng'ombe, naye alizoea kuletewa mezani? Wakabaki na njaa na heshima zao.

Ijumaa Tereza alikuwa amekwisha kata tamaa. Ilipofika saa nne, mkono wake ukafanya kile ulichofanya miaka yote kwenye korido: ukachukua kijiko, ukagonga mfuniko wa birika.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Akatoka mzee Thadeo, mkuu wao, kikombe mkononi, na nyuma yake ofisi nzima, kila mtu na kikombe chake cha kwenye droo. Miguu ilisikia kabla ya vichwa. Walikuja kushtuka wako katikati ya barabara. Lori la pamba likawapigia honi, ikabidi wamalizie kuvuka.

"Karibuni," alisema Tereza, akijikaza asicheke. "Ila siku hizi majani nanunua mwenyewe."

Wakalipa, wakaongeza. Birika likakauka mapema, na Tereza alifurahi mpaka akasahau kurudisha chenji. Guta angeenda Krismasi, na chumvi yake mwenyewe mkobani.

Mzee Thadeo alibaki nyuma, akikizungusha kikombe kitupu.

"Mama Miriamu, nilikuwaga nakuona tangu Jumatatu, aibu tu inanishika." Akatupa jicho ofisini, akashusha sauti. "Awamu ya pili ya kupunguzwa imetoka. Na mimi nimo. Hapa pembeni panamtosha mtu wa kukaanga sato?"

Tereza alilishika jiko lake kwa kanga, akalisogeza kidogo.