Salongo ya Maji

Jumatano asubuhi Brigitte alishuka ngazi na madumu mawili, kama kawaida, kuchota maji kwenye bomba lililopasuka karibu na robot, zile taa za barabarani. Bomba lilikuwa linamwaga barabarani wiki ya kumi na moja, na kwa wiki hizo zote saluni yake ya ghorofa ya pili, hapo Yeoville, Johannesburg, haikuona tone. Ofisi ya maji ilimpa namba ya faili. Namba nzuri, ndefu.

Jumamosi bintiye Murielle alikuwa anaolewa. Wakwe, watu wa Sandton, mtaa wa matajiri, walishasema bibi harusi ataoshwa nywele kwao, kwenye maji. Brigitte aliumia. Kichwa hicho alikiosha tangu siku kilipozaliwa, leo kikaoshwe na nani?

Kwenye bomba alimkuta mzee Waman, fundi wa mifereji wa Wainka, aliyefariki miaka mia tano iliyopita katika milima ya Peru. Alikuwa amechuchumaa, kiganja majini. Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi, alikipata njiani.

"Mama, maji iko muzuri. Inakosa tu njia."

"Saluni yangu iko kule juu, papa."

"Itapanda. Lakini kila nyumba itoe mutu wa kazi."

"Aa, salongo," akasema Brigitte, maana kwao Kongo mtaa mzima hutoka kufanya kazi pamoja, utake usitake. Akagonga mlango kwa mlango.

Kesho yake jengo zima lilichonga mawe. Waman hakutaka saruji. Jiwe lilisuguliwa likakaa juu ya mwenzake hata ncha ya kitana isipite. Mfereji ukafuata ngazi, na kila kona wakaweka kidimbwi cha maji kupumzikia. Hénock, mlinzi wa jengo, alilalamika tu kwamba watu watateleza.

"Polepole," Waman akamwambia. "Maji ukiikimbiza inachoka."

Jumamosi saa moja asubuhi maji yakapanda, ngazi kwa ngazi, yakapumzika ghorofa ya kwanza, yakaingia saluni. Wanawake wakapiga vigelegele. Brigitte akamwosha mwanawe taratibu, akiimba huku analia kwa furaha, bila haya. Waman alikula bugali sahani mbili, kisha akaomba asukwe.

Jumatatu, Waman akiwa kitini anasukwa, simu ya Brigitte ikapata ujumbe wa ofisi ya maji: tatizo limetatuliwa, faili limefungwa, asante kwa uvumilivu. Nje bomba lilimwaga vilevile.

"Eish. Wamesema wamemaliza," Brigitte akasema, akaendelea na msuko wa tatu.

Mlango ukagongwa. Walikuwa majirani wa jengo la pili, mabomba yao makavu, kila mmoja na jiwe lake.