Shuka la Kinyozi

Asubuhi ile kaka yangu alipotoka kwenda kuteka maji ya duka, nilikuwa nimetoka kumnyoa. Kinyozi hajinyoi, na mimi mdogo wake ndiye niliyekuwa nikikishika kichwa chake. Akanitania kwamba nimemwachia majani nyuma ya sikio kama shamba la mvivu, akatia wembe wake mfukoni, akachukua ndoo. Risasi zilianza akiwa karibu na bomba. Hakurudi.

Mtaa mzima ulimjua kwa sheria yake moja. Vita vilipoingia mjini, wanajeshi nao walihitaji kunyolewa, na yeye hakumfukuza mtu. Ila bunduki, kofia na mkanda vilibaki kwenye benchi la mlangoni, kisha mteja akafunikwa shuka jeupe mpaka magotini, gwanda lisionekane. Alikuwa akisema kwamba humu ndani ni raia tu. Siku moja muuza mkaa akamuuliza raia ni nani hasa, mbona kila redio ina wa kwake. Kaka akajibu, bila kuinua macho, kwamba raia ni mtu unayeweza kumpa shingo yako ukafumba macho. Tulicheka. Muuza mkaa alisema basi mke wake si raia.

Mchana tukapata habari kwamba maiti yake iko kambini kwa wanajeshi, na kwamba ameandikwa mpiganaji. Maiti za wapiganaji hazikurudishwa. Zilifukiwa pamoja nyuma ya ukuta, na ndugu hawakuonyeshwa mahali. Mama hakulia. Aliniambia tu nikamlete mwanawe.

Ofisa aliyenipokea hakuwa mkali. Alisema marehemu alikutwa na silaha mfukoni. Nikamweleza kwamba silaha hiyo ni wembe wa kazi, na kwamba wakiufungua watakuta nywele zake mwenyewe.

"Dada," akasema kwa uchovu, "kila anayekufa ana ndugu wa kusema alikuwa raia."

Sikuwa na miguu ya kumrudia Mama mikono mitupu. Nikabaki nimesimama. Pale kizingitini alikuwepo askari mmoja mtu mzima, akifunga kamba za buti. Akainuka.

"Afande, wiki iliyopita wembe huo ulikuwa kooni kwangu, na bunduki yangu ilikuwa mlangoni kwake. Angekuwa mpiganaji, mngenizika mimi."

Mkono wa ofisa ukapanda taratibu ukapapasa shingo yake mwenyewe, nayo ilikuwa imenyolewa vizuri, kazi niliyoitambua.

"Mpeni ndugu yake," akasema.

Yule askari aliiegesha bunduki yake ukutani, akashika upande wa kichwani, akasaidia kumbeba kaka hadi kwenye mkokoteni wa muuza mkaa niliokuja nao. Aliniambia pole, akarudi ndani. Jina lake silijui mpaka leo, lakini Mama humtaja katika dua zake kama "yule mwanangu wa kambini", na Mungu bila shaka anaelewa ni nani.

Tulimfunika kaka lile shuka la duka. Majirani zetu wengi hawana kaburi la kusimama mbele yake. Sisi tunalo, na ninashukuru.

Nimeshona shuka jingine. Anayenyoa sasa ni mimi, na bunduki zinabaki mlangoni.